Wanga Ndani ya Mashine ya Bwana Makofi

Hilaire alijua njia moja tu ya kurekebisha kitu: kukipiga. Redio ikikoroma, kofi. Baiskeli ikigoma, teke. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye mihogo, teke, na jirani naye akija kulalamika, kofi. Alizaliwa Yanonge katika ukoo wa wavuvi, na baba yake alianza kumpiga kwa kafi kabla hajajua kutembea, kwa sababu alichelewa kutembea. Mapadri walimpiga ili katekisimu iingie. Alipokuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji, walimlaza kifudifudi wakamcharaza fimbo ya ngozi ya kiboko kwa kosa la kupoteza kifungo, na keshoye kifungo kikaonekana mfukoni mwa sajini. Kifungo kilirudishwa. Fimbo hazikurudishwa.

Alipotoka jeshini akachagua kazi ambayo kupiga ndani yake kunahesabiwa ujuzi. Akawa mfuaji wa nguo za wazungu. Kila asubuhi alishuka mto Tshopo na furushi kichwani, na ukimwona ameliinua shati la mundele, la mzungu, juu ya utosi wake na kulibamiza juu ya jiwe ungedhani ndani ya shati kuna mtu. Yeye pia alidhani hivyo, na ndiyo maana nguo zake zilikuwa nyeupe kuliko za wafuaji wengine wote.

Duniani alikuwako mtu mmoja ambaye Hilaire hakumpiga mara ya pili, naye ni mke wake. Fatouma alikuwa binti wa Waislamu wa Kasongo, mwembamba kama ufito, na mkono wake wa kulia ulikomaa kwa kutwanga sombe, majani ya mihogo, tangu utoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa Hilaire alimzaba kofi kwa ajili ya chumvi. Fatouma alimaliza kula, akanawa mikono, akachukua mchi, akamvunja vidole viwili.

"Bon," akasema. "Sasa tumejuana."

Tangu siku hiyo chumvi haikuzidi wala haikupungua, na ndoa yao ilisifiwa mtaa mzima kwa utulivu.

Kwenye karatasi mji uliitwa Stanleyville, midomoni uliitwa Kisangani, na chini ya majina yote mawili sheria ilikuwa moja: mtu mweusi asiye na kazi hana haki ya kulala mjini. Bwana wako akikufukuza, polisi wanakupandisha mashua wanakurudisha kwa wazee wako. Fatouma alikwisha kumwambia mumewe bila kuzunguka.

"Siku watakurudisha Yanonge, wende salama, papa. Utanisalimia samaki. Miye nilikuja mujini, nitabakia mujini."

"Na bwana yako?"

"Bwana yangu ni mutu anakaa hapa. Kama haiko hapa, haiko bwana yangu."

Hilaire alimpenda sana mwanamke huyo, na vidole viwili vilivyopinda vilimkumbusha kila alipokamata pasi. Basi akashikilia kazi yake kama mtu anavyoshikilia mzizi mto ukiwa umejaa.

Mwajiri wake alikuwa mkuu wa ghala la pamba, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu na viganja vipana. Jina lake la kweli lilikuwa refu, la Kiflamandi, na kila aliyelitamka vibaya alipigwa kofi, mpaka watu wakaona ni heri wampe jina rahisi. Wakamwita Bwana Makofi. Mwenyewe aliambiwa maana yake ni mtu mkarimu.

Mfuaji aliyemtangulia Hilaire katika nyumba hiyo alifanya kosa moja. Alianika kaptula za bwana kwenye majani nyuma ya jiko, inzi wakataga mayai kwenye pindo, na yeye akapitisha pasi kwa uvivu, upande mmoja tu. Wiki iliyofuata matako ya Bwana Makofi yakaanza kuishi maisha yao wenyewe. Daktari alitoa funza mmoja mmoja kwa koleo huku masista wakiangalia dirishani kwa adabu. Mwezi mzima Bwana Makofi alifanya kazi ofisini amesimama, na karani yeyote aliyemkuta amesimama akatabasamu, alitabasamu kwa mara ya mwisho akiwa na meno yote. Yule mfuaji walimpeleka gerezani. Alitoka huko akichechemea.

Ndipo Madame Odile, mke wa Bwana Makofi, akaapa kwamba nguo ya nyumba yake haitaguswa tena na hewa ya Kongo. Bwawa la Tshopo lilikuwa limeanza kutoa umeme, na mabibi wote wa kizungu walikuwa wanatafuta kitu cha kuuchomekea. Akaagiza Ulaya mashine ya kukausha nguo. Ikaja kwa meli mpaka gatini, watu wanne wakaibeba, mmoja ikamwangukia mguuni, na ikawekwa kwenye barza ya nyuma, nyeupe, imenona, na mlango wa duara tumboni.

Madame alimwelekeza Hilaire kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Fua. Tia ndani. Bonyeza. Toa. Amidon, yaani wanga. Pasi. Hilaire akaitikia "ndiyo, Madame" kwa kila neno, akamwacha aende zake, kisha akafanya kama wafuaji wote wa Kisangani walivyofanya tangu wazungu walipoleta kola: fua, tia wanga, ndipo ukaushe. Wanga lazima ukaukie ndani ya nguo, mtoto mdogo anajua. Aloweke mihogo, aichuje, aupike wanga mpaka ung'ae, achovye shati, ndipo lipewe jua. Sasa kwa kuwa jua limefungiwa ndani ya sanduku, basi lipewe sanduku. Mwanamke ambaye hajawahi kukamua hata leso angemfundisha nini?

Na mashine ilikubali. Kwa miezi kadhaa ilizungusha nguo zenye wanga mwepesi, zikatoka zimesimama kama makuruti. Hilaire akaanza hata kuipigapiga mgongoni kwa upole, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binadamu.

Ikafika siku moja kabla ya sherehe ya tarehe ishirini na moja, mwezi wa saba, wakati wazungu wote wa mji huvaa nyeupe na kuisimamia bendera yao juani. Mwaka huo Bwana Makofi alikuwa atundikwe medali. Madame alisema suti iwe ngumu, iweze kusimama peke yake bila mtu. Hilaire aliichukulia amri hiyo kama ilivyo. Alipika wanga mzito, mzito wa kushika mwiko, akaichovya suti, mashati na kola, akavitupa vyote ndani, akabonyeza.

Mashine ikasema: "Mmmmmmm."

Akangoja. Mlio ulikuwapo, taa yake ndogo ilikuwapo, lakini pipa la ndani halikuzunguka. Akabonyeza tena.

"Mmmmmmm."

Mpishi wa nyumba, Cyprien, mtu wa Bengamisa mwenye tumbo la kuonja, alitoa kichwa jikoni.

"Papa Hilaire, mutoto yako iko naimba rozari?"

"Funga kinywa."

"Muipe chakula kidogo, labda ni njaa."

Hilaire aliipiga mashine teke la ubavuni. Ikabonyea. Akaipiga ngumi juu, kisha mgongoni, kisha akaikumbatia akaitikisa kama anavyotikiswa mdaiwa. Mashine ikanung'unika vilevile, bila kuinua wala kushusha sauti. Hilaire aliujua mnung'uniko huo. Ndio ule wa mtu aliyelazwa chini, fimbo inashuka, naye ameamua hatainuka. Kwa mara ya kwanza aliogopa.

"Ile macho ya mashine iko nakuangalia mubaya," alisema Cyprien.

Hilaire akamrukia. Walibingirika kwenye maji ya sabuni, wakavunja mtungi wa wanga, Cyprien akamuuma Hilaire sikio, Hilaire akampiga kichwa pua ikatoa damu, wakawa wanasukumana ukutani kila mmoja ameshika koo la mwenzake, ndipo Bwana Makofi akaamka usingizi wa mchana.

Alikuja na fulana, amevimba macho. Alimpiga Hilaire makofi mawili, kushoto na kulia. Akampiga Cyprien moja, kwa sababu alikuwa karibu. Halafu akasikia mashine.

"Inafanya nini?"

"Inalia, Bwana."

"Nasikia kwamba inalia! Kwa nini haizunguki?"

Hakungoja jibu. Akaupiga mlango wa mashine teke la kiatu cha ghalani, mlango ukang'oka na bawaba zake, ukapita hewani ukampata Cyprien kwenye goti. Bwana Makofi akarukaruka kwa mguu mmoja, ameshika kidole gumba, akimtaja Mama wa Mungu kwa namna ambayo mapadri hawakumfundisha mtu yeyote. Alipopumua, akamsogelea Hilaire mpaka harufu ya usingizi ikamfikia.

"Sikiliza, macaque, nyani wewe. Cyprien aende kumwita electricien. Nikirudi kutoka ofisini mashine izunguke, na nijue nani ameiharibu. Kama ni wewe, kwanza fimbo kwa polisi, halafu mashua. Umesikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Alimpiga kofi jingine kusisitiza, akaenda kuvaa.

Fundi wa umeme aliitwa Désiré. Alikuwa mtu wa tai, miwani na kalamu mfukoni, na serikali ilikuwa imempa carte inayothibitisha kwamba amestaarabika na kwamba haruhusiwi kuchapwa fimbo. Makofi carte haikuyataja. Alitua kifuko chake, akainamisha sikio, akaibana kwa kidole swichi ndogo ya mlangoni, akabonyeza mara moja kwa kingine, akaacha haraka.

"Inanguruma," akasema. "Donc umeme unafika. Mota inataka kuzunguka, lakini kuna kitu kinaizuia. Ukiiacha hivi itaungua. Kwanza tunachomoa waya."

Akachomoa. Hilaire, ambaye hakuwahi kufikiria kwamba mnyama huyo anaweza kuzimwa, alirudi nyuma hatua moja. Désiré akatoa nguo zilizolowa, akashika pipa kwa mikono miwili, akajaribu kulizungusha. Halikujongea hata kidogo. Akafungua bati la nyuma, akautoa mkanda, akaizungusha mota peke yake kwa kidole. Ikazunguka laini.

"Unaona, papa? Mota ni nzima. Pipa ndilo limekamatwa." Akavua miwani, akaifuta. "Ulitia nini humu ndani?"

Lilikuwa swali la kifundi, na la kwanza la maana tangu mchana. Hilaire akamjibu kwa ngumi ya mdomo.

Désiré alianguka juu ya kifuko chake, bisibisi zikatawanyika. Akakaa chini kidogo, akitazama damu juu ya tai.

"Papa," akasema, "kila mutu katika nyumba hii amepiga hii mashine, na haijasema neno. Miye nimeuliza tu."

Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi kweli, akaokota bisibisi na kuendelea. Alilegeza skrubu za pipa na kulivuta mbele. Nyuma yake, kuzunguka mhimili mzima, kulikuwa na kitu cheupe, kinene, kigumu pembeni na laini katikati, chenye nyuzi za nguo na grisi nyeusi. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Cyprien alisogea akichechemea, akanusa mara moja kwa ile pua iliyokuwa bado inatoka damu.

"Lakini hii ni fufu!"

Cyprien akaunusa tena ule ugali wa mihogo, kwa heshima ya kazi.

"Fufu ya kuiva muzuri, wallahi. Papa Hilaire, umepikia ndani ya mashine ya Madame! Miaka kumi miko mupishi, sijapata fufu laini hivi."

Hilaire aliuona wanga wake. Aliuona mzima: ulivyodondoka kidogo kidogo kwenye matundu ya pipa, miezi yote hiyo, ulivyokaangwa na joto, na leo ule mzito ulivyoshuka juu yake na kufunga kazi. Akaiona na mashua. Akamwona Fatouma mlangoni, akimpungia mkono bila chuki.

Akainyakua pasi ya makaa iliyokuwa mezani, akaiinua juu ya kichwa cha Désiré.

"Ukisema, nakupasua."

"Pasua," alisema Désiré, amechoka. "Halafu Bwana atakuta fundi amekufa na fufu iko palepale."

Pasi ikabaki hewani. Hilaire hakuwa amezoea kujibiwa wakati ameinua kitu.

"Alors?" akauliza hatimaye.

"Alors, ataniuliza nimeona nini. Siku nilipopewa carte niliapa kutosema uongo. Sasa nitasema..." Akasita, akasikiliza. Gari lilikuwa linaingia langoni. "...nitasema nitakayoyaona atakapofika hapa. Kama haiko kitu, sitaona kitu."

Barza ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulielekea mahali gari linaposimama. Mtungi wa kuufichia wanga haukuwapo, ulivunjika kwenye ugomvi. Hilaire akaiweka pasi chini, akachokonoa mhimili kwa vidole vyake vilivyopinda, akatia tonge la kwanza mdomoni.

"Nikuletee sombe?" aliuliza Cyprien.

Alikula. Alikula wanga, grisi, nyuzi za soksi na kifungo kimoja ambacho safari hii hakuna sajini angekipata. Désiré alipangusa mhimili kwa kitambaa, akalirudisha pipa na mkanda. Swichi ndogo ya mlangoni ilikuwa imesagwa na teke la bwana, basi akaunganisha nyaya zake mbili ili aweze kujaribu bila mlango. Bwana Makofi alipotokea, mashavu ya Hilaire yalikuwa yamejaa kama ya mpiga tarumbeta, na mhimili uling'aa.

Kitu cha kwanza alichokiona Bwana Makofi ni bati la nyuma limelala sakafuni. Akampiga Désiré kofi lililorusha miwani.

"Monsieur, mimi nina carte."

"Hilo lilikuwa lako. Hili ni la carte." Akampiga la pili. "Nani ameiharibu?"

"Sioni kitu kilichoharibika, Monsieur," alisema Désiré, na bila miwani alisema kweli tupu.

Bwana Makofi akamgeukia Hilaire. Hilaire akatikisa kichwa, midomo imefungwa. Bwana hakuridhika. Aliinama, akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa atazame mwenyewe, tai yake ikining'inia kwenye matundu. Sauti yake ikatoka humo kama kutoka kisimani.

"Mbona haizunguki?"

"Umeme nimeuchomoa, Monsieur."

"Rudisha umeme!"

"Monsieur, kichwa chako kiko..."

"Rudisha umeme, macaque!"

Désiré alikuwa mtu aliyestaarabika. Akatii: akachomeka waya, akabonyeza.

Mashine haikunguruma hata kidogo. Ilianza mara moja, kwa furaha, kama haijawahi kuumwa. Tai ikaingia tunduni, ikajiviringa, ikamvuta Bwana Makofi mpaka kidevuni. Mbavu za chuma za ndani ya pipa, zile za kugeuza nguo, zikaanza kumpitia usoni: shavu la kulia, la kulia, la kulia, bila kusahau wala kuchoka. Miguu ilipiga sakafu. Kiatu kimoja kiliruka kikavunja kioo cha dirisha. Uso wake ukawa wa zambarau, na damu ya pua ikachora duara ndani ya pipa jeupe.

Désiré alikuwa chini, anapapasa, akitafuta miwani ili aweze kuuona waya. Cyprien alikumbuka kwamba ana chungu motoni. Hilaire ndiye aliyekuwa karibu zaidi, ila mdomo ulikuwa umejaa, na mama yake, Mungu amrehemu, alimfundisha kwamba mtu anayekula hafanyi kazi. Akatafuna. Alitafuna vizuri, pande zote mbili. Akameza. Akahakikisha kwa ulimi kwamba hakuna kilichobaki kwenye meno.

Ndipo akaikamata mashine. Hakuijua njia nyingine. Akaingiza mikono yote miwili, akalishika pipa kwa ukingo, akapanua miguu kama wanavyopigana mieleka Yanonge, akalizuia. Kifundo cha mkono wa kushoto kikalia kwa sauti ya kuni. Hakuachia. Pipa likasimama. Mota ikapandisha mlio wake, moshi ukaanza kutoka nyuma, na mashine ikasema tena:

"Mmmmmmm."

"Sasa waya nimeuona," alisema Désiré, akauchomoa.

Walikata tai kwa kisu cha jikoni. Madame Odile alipofika na kuona kile kilichotoka ndani ya pipa, alilia kwa kumdhania mgeni. Kesho yake bendera ilipandishwa bila Bwana Makofi. Ikatangazwa kwamba ameanguka ngazi, na hakuna aliyekuwa mkorofi kiasi cha kukumbuka kuwa nyumba yake haina ngazi. Medali aliletewa kitandani.

Hilaire alingoja mashua. Haikuja. Siku ileile ya ajali Bwana Makofi, akinywa supu kwa mrija, alikwisha kupiga hesabu yake: mtu akirudishwa Yanonge ana jioni nyingi za kuzungumza na wavuvi, na kila mvuvi ana kinywa. Akawaita wote watatu, akawaambia kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafunguka kwamba wana kazi nyumbani kwake maisha yao yote, na anayetaka kuondoka atamuua. Kwa Désiré ilikuwa shida kidogo, kwa kuwa hakuwa mtumishi wake, lakini tangu hapo aliitwa kila taa ilipozimika, na hakupigwa tena isipokuwa sikukuu.

Jioni ile ya ajali, Hilaire alifika kwake mtaa wa Tshopo na mkono umefungwa ubao. Fatouma aliutazama.

"Nani amekuvunja?"

"Mashine."

"Na kazi?"

"Iko. Nakaa mujini."

Fatouma akaingia jikoni. Alikaa huko kwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa amefuta macho na amebeba sinia. Katikati ya sinia kulikuwa na mlima wa fufu, mweupe, unatoa mvuke, mkubwa kuliko wa siku zote.

Hilaire aliuangalia.

"Mama Fatouma," akasema polepole, "leo... nimeshiba."

Fatouma akaangalia mahali mchi unapoegemezwa.

Hilaire akanawa mkono uliobaki, akala.